Maji na Mpaka Wake: Maneno Machache ya Zaburi ya 104

Tunazungumza nanyi kutoka Katito, penye njia panda ile ambapo barabara moja yapanda kwenda Sondu na Kisii, na nyingine yafuata upande wa ziwa hadi Kendu Bay. Kama una Biblia karibu, tafadhali ifungue katika Zaburi ya 104. Kama huna, si neno. Sikiliza tu, na jioni utamwomba mtoto akusomee.

Leo hatutahubiri zaburi yote. Tunataka kuchukua maneno machache tu, moja moja, kama mama achambuavyo maharagwe kwenye ungo. Sababu ya kufanya hivyo ni swali tuliloulizwa mwezi wa Mei 2020, swali ambalo siku ile tulilijibu vibaya. Tutalifikia. Lakini hatuwezi kulifikia kabla hatujazoea namna mshairi huyu anavyotumia maneno yake, basi mtuvumilie.

Zaburi hii ni shairi, tusisahau hilo. Ina mistari 35 kwa hesabu ya Biblia zetu, na ndani yake mna mawingu, upepo, chemchemi, punda mwitu, majani ya ng'ombe, divai, mkate, miti, ndege, mwezi, simba na bahari. Watu huisoma upesi kwa kuwa yapendeza. Lakini mshairi hakuyaokota maneno njiani, aliyachagua. Na wale waliotupatia Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, mwaka 1952, nao walichagua, kwa maana neno moja la Kiebrania laweza kuvikwa nguo zaidi ya moja. Walikuwa na Kiswahili cha Unguja mkono huu na cha Mombasa mkono ule, na ilibidi wapatanishe. Sisi watu wa bara twayapokea maneno yao ya pwani, na mara nyingine twayavaa kama koti la kaka mkubwa.

Tazama neno "orofa" katika mstari wa 3 na wa 13. Mungu ana orofa zake juu ya maji, na kutoka huko anainyesha milima mvua. Kiebrania chasema chumba cha juu, kile kijengwacho juu ya dari ya nyumba. Mtu wa Mombasa au wa Mji Mkongwe wa Unguja akisikia orofa aona nyumba ya mawe yenye ngazi. Babu zetu hapa Nyakach walilala katika nyumba za duara zenye paa la nyasi, wala hakuna aliyelala juu ya mwenziwe. Neno hilo basi lilitufikia likiwa geni, na lingali geni kidogo. Tuendelee.

Neno lifuatalo ni letu kabisa. Mshairi asema Mungu anainywesha milima. Hasemi anailowesha, wala hasemi anaimwagia maji. Kunywesha ni kazi ya mchungaji. Mvulana wa Kano apelekaye ng'ombe mtoni saa sita ananywesha, na mama ashikaye kikombe kinywani pa mtoto mgonjwa ananywesha. Kiebrania kina neno lilo hilo, la kumpa kiumbe kinywaji, na mshairi alitumia la wanyama kwa ajili ya milima, kana kwamba milima ya Nandi na Kericho imekuja imepanga foleni ikisubiri zamu yake kisimani. Tena watafsiri wetu walifanya jambo zuri hapo: walitumia kile kitenzi chenye "hu" mbele, hunywesha, hupeleka. Mtoto wa shule ajua maana yake. Akisema "baba huamka mapema" hasemi habari ya leo wala ya jana, asema ndiyo desturi ya baba. Kiebrania pale chatumia umbo la kitenzi litajalo mtendaji kwa kazi yake, mnyweshaji, mpelekaji. Hivyo "hu" ile ndogo imebeba mzigo wake vizuri. Mungu wa zaburi hii hakuumba akaenda zake. Ana desturi.

Katika mstari wa 19 jua latajwa kuwa latambua "kuchwa" kwake. Vijana wengi hawalijui tena neno hilo. Husema jua kutua au kuzama. Lakini mkisema "kutwa" mnalitumia neno lilo hilo bila kujua, kwa maana kutwa ni mpaka jua lichwe. Neno la kuangalia hasa ni "latambua". Katika Misri ya kale, karne ya 14 kabla ya Kristo, mfalme Akhenaten aliyaondoa majina ya miungu mingine akaamuru liabudiwe jua peke yake. Wimbo mrefu wa kulisifu jua uliandikwa ukutani katika kaburi la mkuu mmoja aitwaye Ay, huko Amarna, na tulipousoma chuoni cha theologia tulishangaa. Umefanana na zaburi yetu mahali pengi: usiku simba watoka, asubuhi watu waenda kazini, merikebu zapita majini. Wenzetu wengine waliona haya, kana kwamba Biblia imekamatwa ikinakili. Sisi hatukuona haya. Mshairi wa Israeli, kama aliujua wimbo ule au ule uliozaliwa nao, alibadilisha neno moja tu nalo likageuza kila kitu. Kule jua ni mungu. Hapa jua ni mtumishi ajuaye saa ya kutoka kazini.

Sasa tuje kwa wanyama, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa kuna kicheko pia.

Mwaka mmoja, katika ibada ya pamoja ya vijana, kijana alisimama akasoma zaburi hii kwa Kiswahili. Alipomaliza, msichana mmoja kutoka upande wa Katuk Odeyo aliinua mkono akauliza: korongo litawezaje kukaa juu ya mti? Wengine walicheka. Hakustahili kuchekwa. Mnaopafahamu Katuk Odeyo mnajua makorongo ya huko, nchi ilivyopasuliwa na maji ya mvua hata ng'ombe akiingia ndani humwoni tena. Kwa mtoto aliyezaliwa pale, korongo ni shimo lililokula shamba la babu yake. Kiswahili kimeyaita mambo mawili kwa jina moja: ndege mwenye miguu mirefu, na bonde lililochimbwa na maji. Katika zaburi ni ndege, na nyumba yake ni misunobari. Nayo misunobari ni miti ya mbali. Hapa kwetu ndege wa namna hiyo hutafuta mkuyu au mgunga.

Mshairi angeweza kumtaja ndege yeyote. Alikwisha kusema "ndege" kwa jumla, kisha akamchagua mmoja. Kwa Kiebrania ndege huyo aitwa hasida, na jina hilo latokana na hesed, neno ambalo Biblia yetu hulitafsiri fadhili, zile fadhili za Mungu zisizovunja agano. Watu wa kale walimwona ndege huyu jinsi anavyowatunza makinda wake, wakamwita mwenye fadhili. Hivyo katika orodha ya miti na milima mshairi ameficha neno la agano ndani ya kiota. Kwa Kiswahili fadhili hiyo haionekani, wala hatuwalaumu watafsiri. Hakuna ndege wa Kiswahili aitwaye mwaminifu.

Tena kuna jambo la kufurahisha. Wengi huamini hasida ni yule korongo mweupe mwenye mabawa meusi nchani. Ndege huyo huzaa Ulaya, na wakati wa baridi huruka kusini akipita juu ya nchi ya Israeli, halafu hufuata njia ya Misri na Sudan mpaka kwetu Afrika Mashariki na hata mbele zaidi. Nabii Yeremia, sura ya 8, anamtaja kuwa ndege ajuaye majira yake. Basi mkimwona mwezi wa Desemba au Januari akitembea polepole nyuma ya trekta katika nyanda zetu, mjue jamaa zake walipita juu ya kichwa cha mshairi. Msimchanganye na yule mwenye mdomo usiofunga katikati, alaye konokono katika mashamba ya mpunga ya Ahero. Wala na yule mkubwa mwenye kipara aketiye penye takataka za mjini, ambaye hata mwenye kuwapenda ndege huona kazi kumsifu.

Baada ya korongo waja wibari, wakaao katika magenge. Hapa pia vijana husikia vingine, kwa kuwa siku hizi genge ni kundi la wahuni. La, genge la zaburi ni mwamba ulioinama, ukuta wa mlima kama huu ulio nyuma yetu tukipanda kwenda Nyabondo. Na wibari ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, aotaye jua juu ya mawe asubuhi, ambaye wengine humwita pimbi. Waingereza walipotafsiri Biblia ya Mfalme James mwaka 1611 hawakuwa wamemwona kamwe, kwa maana kwao hayuko, wakaandika jina la sungura. Fikirini hayo. Wataalamu wakuu wa Uingereza walikosa kitu ambacho mchunga mbuzi wa Nyakach angewaonyesha kwa kidole. Tunapenda kuwakumbusha hayo wale wadhanio kwamba Biblia ni kitabu cha wazungu tulichoazimwa.

Sasa tunateremka majini. Mstari wa 25 wasema bahari. Kwa Kiebrania mshairi ameweka hapo neno la kuonyesha, kama mtu asimamaye juu akinyosha mkono. Ndivyo tufanyavyo sisi tukiwa Nyabondo siku ya anga safi, Ghuba ya Winam imelala chini yetu. Lakini sisi twaonyesha ziwa. Je, zaburi yatuhusu?

Yatuhusu, na lugha ya nyumbani yatusaidia kuliko Kiswahili. Kiswahili kina bahari, na kina ziwa, na mtu wa pwani hawezi kuvichanganya. Kijaluo kina nam. Nam Lolwe ni ziwa letu, na bahari ya Mombasa nayo ni nam. Na Kiebrania kina yam, neno moja kwa bahari kuu na kwa ziwa la Galilaya pia. Ndiyo maana Mathayo na Marko, waliofikiri kwa namna ya Kiyahudi, huliita lile ziwa bahari, lakini Luka aliyekuwa mtu wa Kiyunani aliandika ziwa. Basi Mjaluo akisikia nam katika zaburi yuko karibu na mshairi kuliko Mswahili wa Lamu. Tafadhali lakini, yam na nam zimefanana kwa bahati tu. Tumewasikia watu wakijenga juu ya sauti mbili zilizofanana ukoo mzima kutoka Yerusalemu mpaka Ramogi. Msiwafuate.

Katika nam hiyo mna "lewiathani", na watafsiri wakaacha jina kama lilivyo. Walifanya vema. Katika kitabu cha Ayubu walimwita mamba, na hapo joka likapungua likawa mnyama wa mtoni tu. Majirani wa Israeli walikuwa na hadithi ya joka la baharini lenye kupigana na miungu. Mabamba ya udongo yenye hadithi hizo yalianza kufukuliwa huko Ras Shamra, nchini Syria, mwaka 1929. Kila aliyeisikia zaburi zamani zile alilijua jina hilo akatetemeka. Na mshairi afanya nini na joka la kutisha? Achagua neno la watoto: kucheza. Mungu amemwumba acheze. Kiebrania hapo chaweza kusomwa kwa njia mbili, kwamba joka lacheza ndani ya bahari, au kwamba Mungu mwenyewe hucheza nalo. Kiswahili kilibidi kuchagua, kikachagua la kwanza kwa neno "humo". Sisi, tukiulizwa, twapenda lile la pili, ingawa hatutapigana na mtu.

Watu wa Nyakach hawahitaji kufundishwa habari za joka. Mnamjua Omieri. Wazee wetu waliona mvua na mavuno yakiandamana na kuja kwa chatu yule. Mwaka 1987 aliungua moto, habari zake zikajaa magazetini, na watu wakagawanyika kwa ajili yake. Tena mwaka 2003 chatu mwingine alipoonekana kijijini Wasare watu walimiminika kumtazama, na makanisa yakabishana. Wengine walisema achinjwe, ni Shetani. Wengine walimletea kuku. Tulipoisoma zaburi hii tuliona kwamba mshairi hamchinji lewiathani, wala hampelekei kuku. Asema tu ni nani aliyemwumba, na kwamba mstari wa 27 unamhusu yeye pia, maana wote wamngojea Mungu awape chakula chao kwa wakati wake. Joka nalo lapanga foleni.

Neno moja zaidi kabla hatujafika kwenye swali. Katika mstari wa 29 Mungu aondoa "pumzi" ya viumbe, nao wafa. Katika mstari wa 30 aipeleka "roho" yake, nao waumbwa. Msomaji wa Kiswahili adhani ni vitu viwili. Kwa Kiebrania ni neno moja, ruah, mara mbili, mstari kwa mstari. Lile tuvutalo puani na lile lilitokalo kwa Mungu vimeitwa jina moja. Watafsiri waliogopa, nasi twaelewa: ukisema mbuzi ana roho, watu watauliza kama ataingia mbinguni. Ukisema Mungu ana pumzi tu, utakuwa umeipunguza heshima ya Roho Mtakatifu, ambaye kwa Kijaluo twamwita Roho Maler. Lakini kwa kutenganisha maneno, ule uzi uliowafunga kiumbe na Muumba wake umekatika mbele ya macho yetu. Uzi mwingine umebaki, utafuteni: neno "uso". Mungu auficha uso wake katika mstari wa 29, na mstari wa 30 aufanya upya uso wa nchi. Na nchi hapo kwa Kiebrania ni udongo, huu tulimao.

Basi tufike kwenye lile swali.

Mnakumbuka mwaka 2020. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mwisho wa mwaka uliotangulia, na mwezi wa Mei ziwa lilifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Huku kwetu maji yaliingia katika nyumba za pwani ya ziwa, yakafunika mihogo na makaburi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa, hivyo jamaa waliohama walilala madarasani. Tulikwenda kuwazuru. Tulifikiri ni vizuri kuwafariji kwa zaburi ya kusifu, tukachagua hii. Leo tukikumbuka twaona haya kidogo.

Tuliposoma mstari wa 9, wenye neno "mpaka", kwamba maji yamewekewa mpaka yasiupite, mama mmoja mzee aliyeketi mlangoni na kuku wake wawili ndani ya kikapu alituambia polepole, bila hasira: "Pasta, mpaka huo uko wapi? Maana maji yako kitandani kwangu."

Tulijibu upesi, kama wahubiri wafanyavyo wakiogopa kimya. Tulisema mwanadamu ndiye aliyeuvunja mpaka, kwa kukata miti milimani na kulima hadi mdomo wa mto. Akatutazama. "Mimi sina shamba mlimani," akasema. "Sina hata la bondeni la maana."

Hatukuwa na neno. Tuliomba, tukaondoka, na njiani kurudi Katito hatukuzungumza.

Wapendwa, tulikuwa tumekosa mara mbili. Tulikosa kwanza katika mambo ya maji yenyewe. Ni kweli udongo wa milimani hushuka na Nyando na mito mingine, hujaza mikondo, na mto uliojaa udongo hutoka kitandani mwake upesi. Makorongo ya Katuk Odeyo ni shahidi. Lakini ziwa si mto. Zaidi ya robo tatu ya maji ya ziwa letu huja kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi hewani kwa jua. Kati ya 1961 na 1964, milima yetu ilipokuwa bado na miti mingi, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Wazee waiita mvua ile kwa jina la Uhuru. Basi kumwambia mama huyo kwamba maji kitandani mwake ni adhabu ya miti iliyokatwa na watu wengine ilikuwa dhuluma, tena dhuluma iliyovaa kola ya kasisi.

Tulikosa pia katika neno. Tulirudi nyumbani tukafungua vitabu vyetu vya chuoni. Neno la Kiebrania ni gevul, nalo si neno la baharini hata kidogo. Ni neno la shamba. Ndilo litumikalo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, kukataza mtu asiondoe alama ya mpaka wa jirani yake. Mshairi alilichukua neno la baraza la ardhi, la wazee wanaosimama kati ya ndugu wawili na kigingi mkononi, akaliweka kati ya maji na nchi kavu. Na kuna neno jingine ndani ya mstari uo huo: yasirudi "kuifunikiza" nchi. Kufunika ni jambo moja, kufunikiza ni kufunika pande zote pasibaki kitu. Ahadi iliyotolewa pale ni ile ya Nuhu, kwamba dunia yote haitarudi kuwa maji. Hakuna palipoandikwa kwamba mto hautatoka wala ziwa halitapanda. Mstari wa 8 wasema hata maji yana mahali pao palipotengenezwa. Na mwangalie mahali penyewe: nyanda za Kano ni tandiko la udongo lililoletwa na maji. Maji yalikuwa na hati kabla yetu.

Hayo yalikuwa maelezo mazuri, na twakiri tuliyafurahia tukiwa mezani. Lakini maelezo mazuri hayakaushi godoro. Ilipita miezi kabla hatujapata ujasiri wa kurudi kwa mama yule. Tulimkuta amejenga kibanda kwa jamaa yake, karibu na barabara. Tulimwomba radhi kwa maneno yetu ya Mei. Akacheka, akasema Pasta huwa na maneno mengi kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kisha tukamsomea tena ule mstari, safari hii tukimfasiria kwa Kijaluo, na penye mpaka tukasema kiewo.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema: "Kiewo si ukuta."

Ninyi mnaolima mnajua alichosema. Kiewo ni ule ukanda wa nyasi uachwao bila kulimwa kati ya shamba lako na la jirani. Ng'ombe wako hula hapo, na wa jirani hula hapo. Watoto hupita. Mwaka mmoja jembe lako lausogelea, mwaka mwingine lake. Sisi kwa Kiswahili tulikuwa tumefikiria mpaka kama mstari wa rangi uliochorwa barabarani na askari. Yeye aliona ukanda wa nyasi ambao wenyeji wawili hupokezana. Alituambia kwamba mama mkwe wake hakukubali nyumba ijengwe karibu na maji, pale palikuwa pa malisho na pa mafunjo ya kusukia mikeka. Kisha wana wakawa wengi, ardhi ikagawanywa, na yeye mjane akapewa kipande cha chini. "Mimi nilijengewa ndani ya kiewo," akasema. "Ziwa lilikuja kuchunga kwake."

Hatujapata kusoma maelezo ya mstari wa 9 yaliyotufungua macho kama hayo, na mama huyo hajui kusoma Kiebrania wala Kiingereza. Yawezekana mtaalamu atasema gevul si kiewo hasa, na penginepo ana haki. Lakini lile neno "aligawiwa", ambalo yeye hakulisema kwa uchungu, ndilo lililotunyima usingizi. Maji hayakumchagua mama huyo. Watu walimchagulia mahali.

Maji yalipopanda tena mwaka 2024, wajane watatu wa pwani ile walikuwa wamerudi chini kwa kukosa pa kwenda, wakahama mara ya pili. Parokia ina kipande cha ardhi upande wa juu, kilichoachwa kwa ajili ya nyumba ya kasisi ambayo haijajengwa. Tumeomba kamati iwape wajane hao watatu mahali pa kujenga. Wazee wengine wanakubali. Wengine waogopa kwamba wana wao watadai ardhi baadaye, na hofu hiyo si ya kipumbavu, sote twajua kesi zilivyo. Shauri limezungumzwa mara mbili bila kumalizika. Kamati itakutana tena Jumamosi hii saa nne. Zaburi itakayosomwa kabla ya mazungumzo ni hii ya 104, na tumemwomba mama yule aje, mjukuu wake aisome kwa Kijaluo, na mwenyewe aeleze mstari wa 9.